Kazi Si Sadaka: Mwanafunzi Mbele ya Jopo la Mahojiano

Mhadhara wa hadhara kwa wanafunzi, wazazi na wasimamizi wa vyuo, Nakuru



Nimeombwa nizungumze juu ya mwanafunzi anayeomba kazi chuoni mwake na kuitwa mahojiano. Mnaujua utaratibu. Tangazo hubandikwa ubaoni kwamba chuo kinahitaji wanafunzi wa kusaidia maktabani, mesini, ofisini, maabarani au shambani. Mwanafunzi huchukua fomu, huambatanisha karatasi zake, huketi mbele ya jopo, na akifaulu hupangiwa saa chache kila wiki. Malipo yake mara nyingi hayapiti mkononi. Yanaingizwa kwenye karo. Huo ndio mpango wa kazi kwa wanafunzi, na ni wachache sana katika ukumbi huu ambao hawajawahi kuuomba au kumfahamu mtu aliyeuomba.

Hoja yangu leo ni moja. Mpango huu umebeba mambo mawili, msaada na kazi, nasi tumeyachanganya. Kwa kuyachanganya tumeharibu barua ya maombi, tumeharibu mahojiano, na mwishowe tumeiharibu kazi yenyewe. Mwanafunzi anaandika kilio badala ya ombi. Jopo linauliza maswali ya huruma badala ya maswali ya kazi. Idara inayompokea inamwona kama mtu aliyehifadhiwa, si mtu aliyeajiriwa. Naye anajiona hivyohivyo. Dawa ni kuyatenganisha: haja ithibitishwe kwa karatasi, na uwezo uthibitishwe kwa mdomo na mikono.

Historia yetu na karatasi za kazi

Katika Bonde la Ufa, kazi na karatasi zina historia ndefu na chungu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi kubeba kipande. Kilikuwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara wake na tarehe alizoajiriwa na kuachishwa, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Mwajiri asipoweka sahihi ya kumwachilia, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Sheria ya 1918 kuhusu Waafrika waliokaa kwenye mashamba ya walowezi iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kuishi na kulima hapo. Mashamba ya Njoro, Molo, Naivasha na Subukia yaliendeshwa kwa mikono hiyo.

Sasa tazameni tarehe nyingine. Mwaka 1939, Lord Egerton wa Tatton alianzisha pale Njoro shule ya kilimo ya kuwafundisha vijana wa Kizungu, juu ya ardhi ya ekari 740 aliyoitoa yeye mwenyewe. Elimu yao ilikuwa ya kushika jembe na kukamua ng'ombe, si ya daftari peke yake. Kwa hiyo, upande mmoja wa boma kijana alifanya kazi ya shamba akapewa cheti. Upande wa pili mwenzake alifanya kazi hiyohiyo, pengine kwa ustadi zaidi, akapewa kipande. Milango ya shule hiyo ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1986 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton.

Naikumbusha historia hiyo kwa sababu moja. Kipande kilimzungumzia mtu bila kumuuliza. Mahojiano, yakiendeshwa vizuri, ni kinyume chake: ni mahali ambapo mtu anajizungumzia mwenyewe na kusikilizwa. Mwanafunzi anayefika mbele ya jopo na kuinamisha kichwa, akasubiri faili lake limsemee, ameitupa nafasi ambayo babu zake hawakupewa.

Wala wazo la kuunganisha masomo na kazi si geni kwetu. Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akataka kila shule iwe na shamba au karakana na ichangie riziki yake. Ubovu ulioingia baadaye mnaujua: katika shule nyingi za Afrika Mashariki, shamba likawa mahali pa kumwadhibu mtoro. Mtoto aliyefundishwa kwamba jembe ni adhabu hawezi kuliheshimu akifika chuo kikuu. Hapa karibu, kule Nandi, Chuo Kikuu cha Baraton cha Kanisa la Waadventista kimeihesabu kazi ya mikono kuwa sehemu ya malezi ya mwanafunzi, tajiri na maskini. Ng'ambo, chuo cha Berea katika jimbo la Kentucky, kilichoanzishwa 1855, hakitozi karo ya masomo, na kila mwanafunzi wake hufanya kazi saa zisizopungua 10 kwa wiki. Serikali ya Marekani nayo iliingiza mpango wa kazi kwa wanafunzi katika sheria yake ya 1964 ya kupambana na umaskini. Panapokuwa na kawaida kwamba kila mwanafunzi hufanya kazi, hakuna anayetazamwa kwa jicho la huruma akishika ufagio. Panapofanya kazi maskini peke yao, ufagio huwa tangazo la umaskini. Vyuo vyetu viko katika hali hii ya pili, na ndiyo maana lugha ya ombi ni muhimu.

Ombi: nini kiandikwe, nini kiambatanishwe

Vijana wetu wamezoea kuandika shida. Wameandika shida kwa kamati ya basari ya eneo bunge, wakaandika kwa bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB. Tangu 2023, mfumo mpya wa ufadhili ukawagawa katika makundi kwa kiwango cha uhitaji wa jamaa zao, na wengi wakaandika tena kukata rufaa. Mtu aliyejaza fomu zote hizo akiletewa fomu ya kazi huiendea kwa kalamu ileile. Nimesoma barua nyingi za namna hiyo. Ukurasa mzima ni maradhi, ukame na mashamba yaliyouzwa, mstari wa mwisho ndio unaosema, "niko tayari kufanya kazi yoyote."

Ndugu zangu, "kazi yoyote" si jibu. Msimamizi wa maktaba hana kazi inayoitwa yoyote. Ana rafu za kupangwa, ana meza ya kukopeshea vitabu, ana chumba cha magazeti, na kila moja ina saa zake.

Shida zako zina mahali pake. Taarifa ya karo inaonyesha deni. Cheti cha kifo kinaonyesha msiba. Barua ya chifu inaeleza hali ya nyumbani. Ziambatanishe, zitaje kwa sentensi mbili, kisha uziache ziseme. Barua yenyewe iwe ya kazi: idara unayoiomba, saa ulizo nazo, ulichowahi kufanya kinachofanana na kazi hiyo, na mtu anayeweza kukushuhudia. Aliyeuza mboga na mama yake katika soko la Wakulima anajua kuhesabu chenji huku foleni ikimsukuma; mesini wanamhitaji mtu huyo. Aliyelelewa kwenye boma la ng'ombe wa maziwa kule Olenguruone anajua kwamba ng'ombe hangoji mitihani iishe. Shamba la chuo linamhitaji. Aliyetunza daftari la kikundi cha akina mama kanisani ameshafanya kazi ya karani. Haya hamyaandiki kwa sababu mnadhani si kazi. Ni kazi, na ndiyo ushahidi pekee mlio nao.

Saa za wiki

Karatasi moja huachwa na waombaji wengi, nayo ingewasaidia kuliko zote: ratiba ya masomo yenye saa zilizo wazi zimetiwa alama.

Tufanye hesabu pamoja. Wiki ina saa 168. Kulala saa 8 kila usiku ni saa 56. Vipindi na maabara tuseme 24. Kujisomea, ukitaka kufaulu, kusipungue 30. Kula, kufua, kuoga na kutembea kutoka mtaa wa Njokerio, nje ya chuo, hadi darasani, saa 3 kwa siku, ni 21. Jumla ni 131. Zimebaki 37, na ndani yake kuna ibada, michezo, marafiki, simu ya nyumbani na ugonjwa usiobisha hodi. Mwanafunzi anayesema mbele ya jopo kwamba anaweza kufanya kazi saa 30 kwa wiki hajapiga hesabu, au anadanganya. Saa 10 hadi 12 zinabebeka. Uingereza, mwanafunzi wa kigeni wa shahada haruhusiwi kupita saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wenzetu walioko huko watawaambia kwamba hata hizo 20 ni mzigo.

Hesabu hii ni kinga yako pia. Wako wanafunzi ambao tayari wana kazi nje ya lango: huyu anauza smocha jioni, yule anaandika kazi za mtandaoni usiku, mwingine anaendesha bodaboda wikendi. Mmoja wao akiongezewa saa za chuo bila kupanga, kinachokatwa kwanza ni usingizi, halafu vipindi vya asubuhi, halafu mtihani unarudiwa. Mtihani unaorudiwa una gharama, na gharama hiyo yaweza kumeza alichopata muhula mzima. Kazi iliyokusudiwa kumweka mwanafunzi chuoni isiwe ndiyo inayomtoa.

Mbele ya jopo

Sasa umeitwa. Jopo la kawaida lina watu watatu au wanne: mtu wa ofisi ya mkuu wa wanafunzi, mwakilishi wa idara zinazotoa kazi, pengine mtu wa fedha na kiongozi wa wanafunzi. Muda wako ni mfupi, dakika chache tu, kwa sababu foleni nje ni ndefu.

Swali la kwanza halikosi: kwa nini unaomba kazi hii? Yuko atakayejibu, "Kwa sababu nyumbani hali ni ngumu." Jopo limeshaliona hilo kwenye faili, na waombaji wote nje wana hali ngumu. Yuko atakayejibu, "Jumatatu na Alhamisi sina kipindi mpaka saa tano, na maktaba hufunguliwa saa mbili. Shule ya upili nilikuwa msaidizi wa maktaba kwa miaka miwili. Najua kupanga vitabu kwa nambari zake." Huyu wa pili hajajigamba wala hajalia. Ameliondolea jopo kazi ya kubahatisha.

Swali la pili ni la uaminifu, na huja kwa sura ya kirafiki. Rafiki yako anafika kwenye dirisha la mesi, hana tiketi, anakukonyeza umwekee kipande cha nyama. Utafanya nini? Wengi hujibu, "Nitamripoti," kwa sauti ya askari, na hakuna anayewaamini. Jibu la kweli ni la mtu aliyewahi kufikiri: nitamwambia hapana, na nitawaambia marafiki zangu mapema kwamba pale dirishani siwajui. Jopo linataka kusikia kwamba unafahamu kishawishi kitatoka kwa nani. Hakitatoka kwa mwizi. Kitatoka kwa mtu mnayelala naye chumba kimoja.

Swali la tatu: siku ya zamu ikigongana na jaribio la darasani, utafanyaje? Usiseme haitatokea. Sema utamwarifu msimamizi lini, na nani unaweza kubadilishana naye zamu.

Mwisho watakuuliza kama una swali. Hapo ndipo wengi husema, "Sina, asanteni," na kuinuka haraka. Uliza. Kiwango cha malipo kwa saa ni kipi? Nani anatia sahihi kwenye daftari la saa zangu? Fedha zitaonekana lini kwenye taarifa ya karo? Wakati wa mitihani zamu hupunguzwa? Kuuliza malipo si utovu wa adabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndiyo, lakini hakuambiwa afumbe macho.

Neno moja kuhusu lugha. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mpishi wa mesi, mlinzi wa lango na mfanyakazi wa shamba huzungumza Kiswahili kutwa. Mwombaji wa kazi ya mesi akihojiwa kwa Kiingereza peke yake, akajikwaa, akanyimwa alama, jopo limepima kitu kingine, si kazi. Waombaji, ombeni kwa heshima kujibu kwa Kiswahili pale mnapokwama. Wenye jopo, ruhusuni.

Deni la wanaohoji

Mpaka hapa nimewasema vijana. Sasa niwageukie wenzangu tunaokaa upande wa pili wa meza.

Sote tunaikumbuka Nakuru ya Januari 2008, ya vurugu za baada ya uchaguzi. Njoro, Molo, Naivasha na mjini hapa, watu waliulizwa majina yao njiani na majibu yakawagharimu. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa, inayokataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Wanafunzi wa zamu huenda wasihesabiwe kama wafanyakazi wa kudumu, lakini maana ya sheria inawahusu. Orodha ya waliofaulu ikibandikwa ubaoni, macho ya kwanza husoma majina ya ukoo. Msijifanye hamlijui hilo. Njia ya kuzima mnong'ono huo si kuificha orodha. Ni kubandika vigezo kabla ya mahojiano na alama baada yake. Haja alama kadhaa, ratiba alama kadhaa, uzoefu alama kadhaa, majibu alama kadhaa. Aliyekosa ajue alikosea wapi.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa kabila, jinsia, dini, ulemavu, mimba au hali ya virusi vya ukimwi, na marufuku hiyo inafika hadi kwenye kuajiri na mafunzo. Kwa hiyo, kumuuliza binti kama ameolewa, au kama "atatulia", si mzaha wa mzee, ni kosa. Lililo halali, na tena la lazima, ni kumuuliza kama anaweza kufunga maktaba usiku, na hapo chuo kimwambie atafikaje Njokerio salama.

Yako pia makaratasi. Kumtoa kijana chuoni arudi Kuresoi kutafuta barua ya chifu ni nauli ya matatu na bodaboda, kwenda na kurudi, kabla hajajua kama ataitwa. Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022 ili mwajiri asidai vyeti vya uadilifu mpaka anapokusudia kumpa mwombaji mkataba. Tufuate busara hiyohiyo: fomu na ratiba kwanza, nyaraka nzito kwa walioteuliwa. Na tukishapewa vyeti vya vifo na barua za hospitali, tuvifungie. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikuandikwa kwa ajili ya mabenki peke yake.

Kutoka zamu ya chuo hadi kazi ya nje

Mtaniuliza kwa nini nimeyapa uzito mahojiano ya kazi ndogo hivi. Kwa sababu mengine makubwa yako mbele na yanafanana nayo. Mwaka wa tatu utatafuta mafunzo ya viwandani, yale mnayoyaita atachi: mitambo ya mvuke ya Olkaria, ambayo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha umeme 1981, visima vya Menengai, mashamba ya maua ya Naivasha, kituo cha utafiti wa ngano cha KALRO pale Njoro, hospitali ya rufaa ya kaunti. Waajiri hulipa kutoka mfukoni mwao shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, tozo ya mafunzo inayosimamiwa na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA. Kwa hiyo usiende huko kama mtu anayeomba hisani isiyo na msingi. Atakayekuhoji hatauliza shida zako. Atauliza umewahi kufanya nini, saa ngapi, chini ya nani. Aliyeshika zamu ya maabara kwa mihula miwili, saa zake zikatiwa sahihi, ana jibu.

Na popote utakapoomba, zamu ya chuo, atachi au kazi ya mafunzo serikalini, usilipe mtu. Ujumbe wa WhatsApp unaokutaka utume shilingi mia tano "za fomu" kwa M-Pesa ni utapeli. Karani anayekwambia faili lako "linahitaji mafuta" anatenda kosa chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, na ukimpa, nawe umetenda.

Wanafunzi, nawaomba jambo moja kabla ya muhula ujao: chukueni ratiba zenu, tieni alama saa mlizo nazo, na chini yake andikeni kazi zote mlizowahi kufanya nyumbani, sokoni na shuleni. Karatasi hiyo ndiyo ombi lenu. Wazazi, msiwafundishe watoto kulia mbele ya meza. Wafundisheni kutaja wanachoweza. Nasi tunaohoji, tubandike vigezo ubaoni kabla ya kumwita mwombaji wa kwanza. Chuo kisichoweza kufanya hivyo kiache kuuita huo mpango wa kazi, kiuite kwa jina lake, sadaka, na kigawe fedha hizo bila kumtoza mwanafunzi saa hata moja.